Fomu ya tovuti ikigoma kutuma, kagua mipangilio ya faragha kabla ya kulaumu bando

Umejaza fomu ya kuulizia chumba Pangani: jina, simu, tarehe ya kufika, ujumbe. Unabonyeza Tuma, ukurasa unajibu 403 (yaani umekataliwa), au unarudi mtupu kana kwamba hukuandika kitu. Hapa Tanga lawama huenda moja kwa moja kwenye mtandao. Lakini kama kurasa nyingine zinafunguka vizuri, bando halina kosa. Kagua antivairasi na viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari.

Unapobofya kiungo au kutuma fomu, kivinjari huiambia seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, unatoka ukurasa gani. Taarifa hiyo huitwa Referer, neno lililokosewa tahajia katika kanuni za wavuti za mwaka 1996 na likabaki hivyo hadi leo. Fomu nyingi, hasa za zamani, huisoma ili kuhakikisha ujumbe umetoka kwenye tovuti hiyohiyo, si kwa roboti wa kutuma taka. Baadhi ya programu za ulinzi nazo huifuta ili wenye matangazo wasifuate nyayo zako. Seva ikikuta nafasi hiyo tupu, inakataa ujumbe. Kila upande umefanya kazi yake, aliyeumia ni wewe.

Vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari, navyo vina sehemu yake. Seva huweka namba ya siri ya muda kwenye kidakuzi na nyingine ndani ya fomu, kisha huzilinganisha. Kidakuzi kikizuiwa, hazilingani. Ukurasa ulioachwa wazi tangu asubuhi huleta kosa hilohilo kwa sababu namba imeisha muda. Huo unatosha kuupakia upya. Na kisanduku cha "mimi si roboti" kisipoonekana kabisa, huenda kuna kizuia matangazo kilichokizima.

Kabla ya kugusa chochote, nakili ujumbe wako: bofya ndani yake, Ctrl+A, Ctrl+C, ubandike kwenye Notepad. Kisha jaribu fomu kwa simu. Ikipita, tatizo liko kwenye kompyuta. Ifungue tena katika hali fiche (incognito) ya kivinjari, ambako viendelezi kwa kawaida huzimwa. Ikipita huko, zima viendelezi kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Ikikataa, sogea kwenye antivairasi, maana hiyo hufanya kazi nje ya kivinjari na hali fiche haiigusi.

Usiizime yote, tafadhali, hasa kwenye kompyuta ya intaneti kafe inayochomekwa flashi za kila mtu. Fungua mipangilio yake, tafuta sehemu ya faragha au ulinzi wa wavuti, uongeze anwani ya tovuti hiyo moja kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Isome anwani herufi kwa herufi kwanza; matapeli hupenda kubadilisha moja tu. Kwenye Firefox, bofya ngao iliyo kando ya anwani na uzime ulinzi kwa tovuti hiyo pekee.

Wenye tovuti, iwe ni nyumba ya wageni, shule au zahanati, msimfukuze mteja kwa sababu ya Referer tupu. Tumieni namba ya siri ya muda, na wekeni simu kando ya fomu. Kujipima ni rahisi: kwenye Firefox andika about:config mahali pa anwani, tafuta network.http.sendRefererHeader, badilisha 2 kuwa 0 ili kivinjari kisitume Referer, ujaze fomu yako mwenyewe na kuituma. Ukimaliza, rudisha 2.