Kwa nini ua la Usambara si Saintpaulia tena

Jina la kisayansi la mmea lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Ya pili huitambulisha spishi yenyewe ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo anayeupa mmea jina anadai pia kwamba una undugu na mimea fulani. Ushahidi ukilipinga dai hilo, jina nalo haliponi.

Tuchukue ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu madirishani karibu dunia nzima, ambalo Wajerumani bado huliita Usambaraveilchen. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi ya Wajerumani, aliliokota huko na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilitangaza kuwa jenasi mpya na kuliita Saintpaulia ionantha. Familia yake ni Gesneriaceae, yenye spishi zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za nchi za joto.

Wakusanyaji waliendelea kuleta mimea ya namna hiyo kutoka Usambara, Uluguru na hata Kenya, na majina yakaongezeka. Mtaalamu wa mimea B. L. Burtt ndiye aliyetoa mengi zaidi, akitegemea sana vinyweleo vya majani: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala. Spishi zikafika 20 hivi. Mbili kati ya hizo Burtt mwenyewe aliziita difficilis na confusa, ngumu na yenye kuchanganya. Nadhani hapo tayari tulikuwa tumeonywa.

Vinasaba vilipochunguzwa, ilionekana kwamba mimea mingi ya Usambara na nyanda za karibu inatofautiana kidogo mno. Vinyweleo hubadilika toka bonde hadi bonde bila mpaka unaoeleweka. Mwaka 2006, Iain Darbyshire alipoandika sehemu ya familia hii katika Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, alibakiza spishi 6. Nyingine nyingi, ikiwemo grotei ya mwaka 1921, akazishusha ziwe nususpishi (vikundi ndani ya spishi moja) au visawe tu (majina mengine ya kitu kilekile) vya ionantha. Kwa nini ionantha ndiyo iliyomeza wenzake? Kwa sababu kanuni za majina ya mimea hulipa haki jina lililotangulia kuchapishwa kihalali, na hilo ni la 1893. Uzuri wake au umaarufu wake hauhesabiwi.

Kisha likaja swali zito zaidi: je, jenasi yenyewe inasimama? Afrika ina jenasi nyingine ya familia hiyohiyo, Streptocarpus, iliyopewa jina hilo mwaka 1828 kwa sababu tunda lake limejisokota. Tunda la Saintpaulia halijisokoti, na ua lake ni bapa, lenye mrija mfupi sana. Ukitazama kwa macho, utaapa ni vitu viwili. Lakini vinasaba viliionyesha Saintpaulia ikichipuka ndani kabisa ya tawi moja la Streptocarpus, na hata idadi ya kromosomu, 30, inalingana na ya tawi hilo.

Wataalamu wa leo wanataka jenasi iwe na mzazi mmoja wa kale pamoja na uzao wake wote. Kuitenga Saintpaulia ni kama kumkana mjukuu kwa kuwa hakurithi pua ya babu. Zilibaki njia mbili: kuikatakata Streptocarpus, au kuiingiza Saintpaulia ndani yake. Ilichaguliwa ya pili, na kwa kuwa 1828 inatangulia 1893, jina la Saintpaulia likaondoka.

Sasa mmea wetu huandikwa Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh. Mabano yanamtunzia Wendland heshima ya kuutaja kwanza. Anayefuata ni Maarten Christenhusz, aliyeuhamisha mwaka 2012. Mwisho wa -a umekuwa -us ili ulingane na jinsia ya jenasi katika Kilatini. Marekebisho ya jenasi nzima yalichapishwa mwaka 2015.

Mimi naukubali uhamisho huo, ila kuunganisha spishi kuna gharama yake. Mmea unaoota kwenye miamba michache ya msitu mmoja, ukiitwa nususpishi badala ya spishi, ni rahisi kusahauliwa orodha za mimea iliyo hatarini zinapoandikwa, ingawa miamba ni ileile na msitu unakatwa vilevile. Wauzaji wa maua, kwa upande wao, bado wanaandika Saintpaulia kwenye vyungu. Hata wataalamu hawajalitupa kabisa: wamelibakiza kuwa jina la seksheni, yaani kikundi cha spishi ndani ya jenasi ya Streptocarpus.