Pepopunda: namna sumu yake inavyozinyamazisha neva

Kuanzia Uporoto hadi Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, samadi ya ng'ombe ndiyo tegemeo la viazi. Ndani ya samadi hiyo, na kwenye udongo wa shamba lolote, hukaa vijimbegu vya bakteria wa pepopunda, vigumu kuuawa na jua au ukame. Mkulima akijikata na jembe, au msumari ukipenya ndala, vinaingia. Kidonda kikiwa kirefu na hakipati hewa, vinaamka na kutengeneza sumu. Dalili huchukua siku chache hadi wiki tatu kuonekana, pengine kidonda kimeshafunga.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, hupashana habari kwa kemikali. Kemikali hizo huhifadhiwa katika vifuko vidogo mno kwenye ncha ya neva, kando ya upenyo mwembamba uitwao sinapsi. Ujumbe ukifika, vifuko hujishikiza kwenye ukuta wa neva na kumwaga kilichomo. Protini mojawapo inayovishikiza inaitwa sinaptobrevini. Sumu ya pepopunda huikata protini hiyo. Vifuko vinabaki vimejaa, lakini havimwagi kitu.

Sumu huingilia kwenye ncha za neva za misuli, hupanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo, kisha huhamia kwenye neva za kutuliza misuli, zinazotumia kemikali ziitwazo glisini na GABA. Hizo zikinyamaza, amri ya kukaza misuli haina kizuizi tena, kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. Taya hubana, shingo hukakamaa, mgongo hupinda. Hata mlango ukibamizwa mwili mzima hukaza. Na mgonjwa ana akili timamu, anayasikia maumivu yote. Hilo huniumiza kuliko yote katika ugonjwa huu.

Sumu ya botulini, ya bakteria wa ukoo huohuo, nayo hukata protini za kazi hiyo. Ila yenyewe hubaki pale neva inapokutana na msuli na kuzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze, kwa hiyo mgonjwa hulegea.

Dawa ya kuzima sumu ya pepopunda huikamata ile iliyo bado nje ya neva. Iliyokwisha ingia haitolewi. Neva hulazimika kuota ncha mpya, kazi ya wiki nyingi. Ndiyo maana siku zinazopotea kwa mganga zina gharama kubwa.

Wanawake huchanjwa kliniki wakiwa wajawazito, na mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga. Baba je? Hana kliniki inayomwita, na kinga ya utotoni, kama aliipata, hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hata aliyeugua akapona hapati kinga, kwa kuwa sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga. Naye anahitaji chanjo.

Ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Usipake samadi wala majivu. Nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya pepopunda, hata kama ni tundu dogo la msumari. Taya likianza kubana, nenda hospitali usiku huohuo.