Kupata moto si kufeli

Nilikuwa Mombo, chini ya milima ya Usambara, nakunywa chai. Fuso la kabichi likateremka kutoka Lushoto, magurudumu ya nyuma yanafuka moshi, harufu ya breki imejaa stendi nzima. Jamaa wa meza ya pili akatangaza: "Hizo breki zimefeli." Nikamtazama dereva. Ameshuka, ananyoosha mgongo, na gari limetulia palepale alipotaka litulie. Zingekuwa zimefeli, kaka, chai hii tungeinywa wapi?

Breki kupata moto ni hali ya breki kuzidiwa na joto la msuguano mpaka zinapungua nguvu ya kushika, ingawa hakuna kilichokatika wala kinachovuja. Zikipoa, kwa kawaida nguvu hurudi. Kufeli ni jambo jingine: bomba limepasuka, upepo unaosukuma breki umevuja wote, kitu kimevunjika. Hapo hata ukisubiri mpaka kesho, breki hairudi bila fundi.

Neno "kufeli" tumelitoa kwa Waingereza, na nadhani wengi wetu tulikutana nalo kwanza darasani, siku ya matokeo. (Lipo pia "feli" la Kiarabu, lenye maana ya kitendo, hasa kiovu. Hilo halihusiki hapa, ingawa baadhi ya madereva wanalistahili.) Aliyefeli mtihani amefeli, habari imekwisha. Ndiyo maana ukisema breki zimefeli, msikilizaji anaelewa kwamba ajali ililetwa na chuma, dereva hana la kufanya, ni bahati mbaya tu. Na mara nyingi si kweli.

Wengine nao hukosea upande wa pili: wakisikia "moto" wanaona ndimi za moto. Lakini moto, joto na kuota (kama kuota jua) ni mzizi mmoja wa Kibantu, na Kiswahili hakijawahi kulazimisha moto uwe na mwali. Tunaagiza chai ya moto kila siku na hakuna anayewaita zimamoto. Breki ikiwaka kweli, tuna maneno yake: imeshika moto, inaungua.

Sasa hesabu. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000 kwa kilomita thelathini na kitu za kona. Gari la tani 10 likishuka hivyo, na kazi yote ikaachiwa breki, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha lita 300 za maji. Joto hilo linaingia kwenye dramu, yaani chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, na lainingi, ile bitana ngumu inayoisugua dramu kwa ndani. Dramu inatanuka na kuzikimbia shuu, vile vyuma vinavyobeba lainingi, na lainingi inateleza. Kwenye breki za upepo dereva anakanyaga, geji inaonyesha upepo upo wa kutosha, gari halishiki. Hakuna kilichofeli. Kilichokosekana ni gia: alitakiwa kushuka na gia nzito, injini ibebe mzigo, na mguu uguse breki kwa vipindi badala ya kuilalia kutoka Soni, pale njiani, mpaka chini.

Marekani na Kanada, wakaguzi wa barabarani wanapopima breki za upepo hawaridhiki na kuona kwamba gari limesimama. Wanapima fimbo ya chemba, lile kopo la upepo linalosukuma breki ya gurudumu, inatoka kiasi gani breki ikikanyagwa. Kwa chemba ya kawaida ya ukubwa wa 30 kikomo ni inchi 2. Asilimia 20 ya breki zikiwa mbovu, gari haliondoki: lori lenye breki kumi linazuiwa kwa mbili tu. Na kwa kuwa dramu ikitanuka fimbo husafiri zaidi, breki iliyolegea kidogo inaweza kufaulu ikiwa ya baridi asubuhi halafu ikakosa kushika katikati ya mteremko.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wana kamera za kupima joto la magurudumu yanapopita, na gurudumu lililo baridi kuliko wenzake linawatia shaka sawa na lililochemka. Baridi maana yake halifanyi kazi, wenzake wanalibebea. Kwa hiyo moshi wa lile fuso ulituonyesha magurudumu yaliyokuwa yanajituma. Mimi ningeanza kukagua yale yasiyofuka.

Jamaa wa meza ya pili alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama mimi ni fundi. Hapana. Wakati huo utingo alikuwa keshaweka mawe kwenye tairi, maana hendibreki haivutwi kwenye dramu iliyochemka hivyo, na alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Tulimwomba aiweke chini. Dramu ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupasuka. Ikipasuka, kaka, hapo sasa utasema imefeli, na sitakubishia.