Suti haijalipiwa: kuizuia ni haki yako, kuiuza ni habari nyingine

Mafundi cherehani na madobi huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: mteja hajalipa, nguo ninayo, niiuze?

Kuizuia, unaweza. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyekabidhiwa mali akaifanyia kazi kwa nguvu au ujuzi wake aizuie hadi alipwe ujira wa kazi hiyo, ilimradi hamkukubaliana vinginevyo. Madeni ya zamani hayamo. Mteja akilipia gauni la leo huku anadaiwa sare za Januari, mpe gauni lake. Za sare mdai kivyake.

Mafundi wengi huipoteza haki hii kwa upole. Sheria yetu ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, ambayo imetoa mfano wa fundi nguo kabisa: kapewa kitambaa ashone koti, kaahidi kulitoa likiisha na kumpa mteja miezi 3 ya kulipa. Huyo hawezi kulizuia koti. Kwa hiyo ile "utanimalizia mwisho wa mwezi" ina gharama yake. Na nguo ukishaitoa kwa hiari, usiifuate nyumbani kwa mtu; umebaki na deni tu.

Ikiwa bado iko kwako, itunze. Ukiivaa harusini ikachanika, utalipa hata kama hukuzembea.

Je, pesa za kuiweka dukani? Mwaka 1860 Uingereza, wenye gati la kutengenezea meli waliizuia meli ya mteja, wakadai na ada ya kuihifadhi. Walishindwa hadi ngazi ya juu kabisa: waliizuia kwa manufaa yao wenyewe.

Kuuza sasa. Haki ya kuzuia peke yake haikupi ruhusa hiyo. Kenya wana sheria maalumu ya mali zisizochukuliwa, Sura ya 38, ndiyo maana Gazeti Rasmi lao lina matangazo ya magari yaliyotelekezwa gereji, mengi yakimpa mwenyewe siku 30. Kwa fundi wa Tanzania nashauri ridhaa ipatikane mapema, kwenye risiti. Bango la "nguo ikizidi mwezi hatuhusiki" ni dhaifu, hasa likiwa nyuma ya pazia la kupimia. Risiti iwe na bei, tarehe ya kuchukua, namba ya simu, muda ambao ukipita utauza baada ya kumjulisha, na saini yake. Ukiuza, kata chako. Chenji ni ya mteja.