MikroRNA na ukame kwenye mimea: dhana potofu na ukweli

MikroRNA ni vipande vya RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) vyenye nyukleotidi, yaani viungo vya mnyororo wake, 20 hadi 24, vingi vikiwa na 21, na havitengenezi protini yoyote. Kwenye mimea viligunduliwa mwaka 2002. Mchango wao wakati wa ukame ni mkubwa, lakini husimuliwa kirahisi mno, na urahisi huo huharibu majaribio ya watu.

Dhana: MikroRNA huwasha jeni za kustahimili ukame.

Ukweli: Kazi yake ni kuzuia. RNA ndefu iliyojikunja hukatwa na kimeng'enya DCL1 ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya kingine, HEN1, hukiwekea kipande kifupi kilichopatikana methili (kikundi kidogo cha kemikali) mwishoni kisimomonyolewe, kisha kipande hicho hupakiwa kwenye protini AGO1. Humo huongoza kukatwa kwa mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) inayolingana nacho, mkabala wa nyukleotidi yake ya 10 na ya 11. Wakati mwingine mRNA haikatwi, ila protini haitengenezwi. Kwa hiyo jeni ya ulinzi inaweza kupanda kwa sababu mikroRNA iliyoikandamiza imepungua. Ndivyo ilivyo kwa Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara: udongo ukikauka, mikroRNA iitwayo miR169a hushuka, jeni inayoikandamiza, NFYA5, hupanda, na stomata (vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke) hupunguza upenyo wake. Mimea iliyolazimishwa kuzalisha miR169a kwa wingi hupoteza maji haraka kuliko ya kawaida.

Dhana: MikroRNA ikipanda kwenye mmea mmoja, itapanda kwenye yote.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwenye mpunga, miR169g hupanda ukame unapoingia. Nyanya zilizoongezewa miR169c hupunguza upenyo wa stomata na kustahimili vizuri, kinyume kabisa na Arabidopsis. Dengu zilizoongezewa miR408 zilihimili ukame, ilhali Arabidopsis iliyofanyiwa hivyo ilivumilia chumvi na baridi lakini ikadhoofika kwa ukame.

Familia moja ya mikroRNA huwa na jeni nyingi, kila moja na promota yake (sehemu ya DNA inayoiwasha), na kinacholengwa hutofautiana kati ya spishi na hata kati ya jani na mzizi. Isitoshe, miR398 na miR408 hufuata kiwango cha shaba: shaba ikipungua, hupanda. Udongo wa vyungu ukitofautiana kwa shaba, utaona mabadiliko ambayo hayahusiani na maji hata kidogo. Changanya udongo wote pamoja kabla ya kujaza vyungu.

Dhana: Kutomwagilia kwa wiki moja ni ukame tosha.

Ukweli: Siku si kipimo. Pima maji yaliyomo kwenye jani. Kata jani, lipime uzito papo hapo, lieleze kwenye maji yaliyochujwa kwa saa 4 penye mwanga hafifu, lifute, lipime tena, kisha likaushe kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike. Jani lenye gramu 0.50 likiwa bichi, 0.62 likishiba na 0.08 likikauka lina (0.50 − 0.08) ÷ (0.62 − 0.08), yaani takriban asilimia 78 ya maji linayoweza kushika. Vuna sampuli zote saa ileile ya siku, maana baadhi ya mikroRNA hubadilika kati ya mchana na usiku. Jani lililokatwa na kuachwa mezani linyauke halikupitia ukame: mzizi haukuhusika.

Dhana: Njia yoyote ya kutoa RNA inafaa.

Ukweli: Safuwima (virija vya kunasa RNA) nyingi za kawaida hunasa RNA yenye zaidi ya nyukleotidi 200 na kuzimwaga ndogo. Kloridi ya lithiamu, inayotumiwa kuitenga RNA ishuke chini, nayo huziacha ndogo kwenye kimiminika cha juu. Itenge RNA kwa isopropanoli au tumia safuwima maalumu za RNA ndogo.

Dhana: MikroRNA ikipanda na jeni ikishuka, uhusiano umethibitika.

Ukweli: Huenda zimekutana tu. Tafuta kipande cha mRNA kilichokatwa, uone kama kinaanzia pale mkato unapotarajiwa. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za PCR, mbinu ya kunakili na kuhesabu RNA au DNA, ziwe pande mbili za mkato. Zote mbili zikikaa baada ya mkato, zitahesabu mabaki yaliyokwisha kukatwa kana kwamba ni mRNA nzima, nawe utadhani jeni haikuguswa.

Dhana: Ongeza mikroRNA moja, upate mbegu ya kustahimili ukame.

Ukweli: MikroRNA moja hugusa jeni kadhaa, nyingi zikiwa za ukuaji. Nyasi za Agrostis stolonifera zilizoongezewa miR319 zilihimili ukame na chumvi, lakini majani yake yalinenepa na machipukizi yakapungua. Kwa zao la nafaka, machipukizi kupungua ni hasara ya kweli.

Kuna mtego mwingine: mmea uliodumaa hunywa taratibu, hivyo chungu chake hukauka kwa kuchelewa. Ukiacha kumwagilia vyungu vyote siku moja, mdogo utabaki kijani kwa sababu bado una maji. Panda mmea uliobadilishwa na wa kawaida kwenye chungu kimoja ili mizizi yao igawane udongo uleule, au pima uzito wa vyungu kila siku na ukiongezee maji kile kinachokauka upesi mpaka vyote viwe na unyevu sawa.