Fidia ya kugongwa na gari lililokimbia: maana yake na anayelipa

Fidia ni malipo ya kumrudisha aliyeumizwa, kadiri fedha inavyoweza, katika hali aliyokuwa nayo kabla ya ajali. Kwa kawaida hulipwa na bima ya gari lililogonga. Dereva akitoroka na gari lisijulikane, bima hiyo nayo haijulikani, na hapo wengi hukata tamaa mapema mno. Madai ya namna hii ni ya kumpata mlipaji mwingine badala ya aliyekimbia.

Mlipaji huyo anaweza kuwa mfuko unaolipa pia ajali za magari yasiyojulikana. Uingereza inayo Motor Insurers' Bureau tangu 1946. Afrika Kusini ina Road Accident Fund, inayotegemea tozo ya mafuta. India, kwa mpango ulioanza Aprili 2022, hulipa rupia 50,000 kwa jeraha kubwa na 200,000 kwa kifo. Anaweza pia kuwa bima yako mwenyewe: huko Marekani, kinga dhidi ya madereva wasio na bima mara nyingi hugusa na waliokimbia, na huenda ikakulipa hata kama siku hiyo ulikuwa ukitembea kwa miguu. Kwa hiyo toa mkataba wa bima kabatini uusome, hata kama gari lako lilikuwa limeegeshwa nyumbani.

Ugumu wa madai haya uko kwenye ushahidi. Mlipaji hana dereva wa kumhoji, na anajua wapo wanaoteleza bafuni kisha wakasingizia gari. Kwanza, basi, inabidi uthibitishe kwamba gari lilikuwepo, halafu kwamba dereva wake alikuwa na kosa.

Toa taarifa polisi haraka, siku hiyohiyo ukiweza, na uchukue namba ya jalada. Namba ya gari isiyokamilika isikufanye unyamaze: herufi mbili, rangi na aina ya gari vinaweza kupunguza orodha sana. Okota, au piga picha kabla hakijasogezwa, kipande chochote cha taa au kioo cha pembeni. Mara nyingi kwa ndani kina namba ya kiwandani inayoonyesha ni cha gari la aina gani. Nguo zenye alama ya rangi usizifue. Kamera za maduka nazo hujifuta zenyewe kwa kurekodi juu ya picha za zamani, nyingine baada ya siku chache tu, hivyo ndugu apite kumwomba mwenye duka ahifadhi picha za muda wa ajali kabla hujatoka wodini.

Kinachoharibu madai mengi ni sentensi moja ya hospitali. Mgonjwa anaulizwa mapokezini, kwa maumivu anajibu “nimeanguka barabarani”, na daktari anaandika hivyohivyo. Miezi sita baadaye karatasi hiyo inasema kuanguka, fomu ya madai inasema kugongwa, na mkaguzi wa bima ataishika ya kwanza. Sema wazi, “nimegongwa na gari, dereva amekimbia”, kisha omba usomewe kilichoandikwa.

Angalia pia sharti la kuguswa. Ukiikwepa gari ukaingia mtaroni bila kugongana, baadhi ya mikataba ya bima hukataa kulipa, na mingine hutaka shahidi asiye jamaa yako.

Muda wa kudai nao unaweza kuwa mfupi kuliko wa ajali nyingine. Afrika Kusini hutoa miaka 3 gari likijulikana, lakini 2 tu lisipojulikana.

Kiasi hujengwa kwa risiti za matibabu na nauli, uthibitisho wa kipato kilichopotea, na ripoti ya daktari kuhusu ulemavu utakaobaki. Usisaini hati ya kumaliza madai kabla daktari hajasema hali yako imetulia. Mguu ukihitaji upasuaji mwingine baadaye, kwa kawaida huwezi kurudi kuomba nyongeza.

Dereva akipatikana baada ya kulipwa, hulipwi mara mbili kwa hasara ileile. Aliyekulipa ndiye kwa kawaida humdai dereva huyo.