Kupima Lawama Dhidi ya Mwalimu wa Neno: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Anayehoji mafundisho ya mtumishi anamgusa masihi (mtiwa mafuta) wa Bwana.

Maneno "Msiwaguse masihi wangu" yako katika Zaburi 105:15, na msomaji akirudi nyuma aya chache tu, hadi ya 9, ataona kwamba yanawahusu Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, na kwamba wanaokemewa ni wafalme ambao wangeweza kuwadhuru. Hapo hapakuwa na fundisho lililohojiwa. Matendo 17:11, kwa upande wake, inawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza maandiko kila siku ili waone kama aliyoyahubiri Paulo ndivyo yalivyo. Ikiwa mtume alipimwa na waliompima wakaitwa waungwana, ni vigumu kuona mwalimu wa leo anadai kinga kwa msingi gani. (Wakosoaji nao hupenda kuisahau nusu ya kwanza ya aya hiyo, inayosema kwamba watu hao walilipokea neno "kwa uelekevu wa moyo".)

Dhana: Mathayo 18 inakataza kumkosoa mwalimu hadharani kabla ya kumwendea faragha.

Aya ya 15 inamzungumzia ndugu aliyekukosa. Fundisho lililotolewa mbele ya watu ni jambo jingine, ndiyo maana Paulo alimkabili Kefa (yaani Petro) "mbele ya wote" katika Wagalatia 2:14. Hata hivyo, Apolo, ambaye kasoro yake ilikuwa kuujua ubatizo wa Yohana tu, alichukuliwa kando na Prisila na Akila, wakamweleza kwa usahihi zaidi.

Dhana: Mkosoaji mwenye wivu hana hoja.

Nia mbaya ni sababu ya kukagua ushahidi wake mara mbili, basi. Katika Wafilipi 1:15-18 Paulo anakiri kwamba wengine humhubiri Kristo kwa husuda, lakini hasemi kwamba kwa hiyo wanayoyahubiri ni uongo.

Dhana: Orodha ya makosa ikishasomwa, kesi imekwisha.

Hapa ndipo dhuluma nyingi hutendeka. Jan Hus, kasisi na mwanamageuzi wa Bohemia aliyechomwa moto katika mji wa Konstanz tarehe 6 Julai 1415, alisomewa pamoja na mambo mengine shtaka la kujiita nafsi ya nne ya Uungu. Alilikana, akaomba atajiwe shahidi, wala hakutajiwa. Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alihukumiwa katika Mtaguso (baraza la maaskofu) wa Efeso mwaka 431 kwa kumgawa Kristo kuwa wawili, lakini kitabu chake cha utetezi, kilichohifadhiwa kwa Kisiria na kuchapishwa mwaka 1910, kinakana kwamba alifundisha wana wawili, na wataalamu wanabishana hadi leo. Katika hali zote mbili inafaa kutenganisha maneno ambayo mwalimu aliyatamka na hitimisho ambalo wapinzani wake waliona lazima litokane nayo.

Mkosoaji mwenye haki anaweza kusema, "Fundisho hili linaelekea huku". Lakini akisema, "Anafundisha hivi", sharti aonyeshe mahali palipoandikwa au kunenwa, pamoja na sentensi zilizotangulia na zilizofuata. Kukana kwa mwalimu nako hakumsafishi papo hapo, kwa kuwa lazima kulinganishwe na yale anayoendelea kuwafundisha wasikilizaji wake baada ya kukana.